Wimbo ya Saba

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Imetoka! Miaka tisa ya kungojea, na leo asubuhi albamu mupya ya Mabati imefika hapa Baraka, mji yetu kando ya ziwa — ndani ya flash ya motari mumoja, mwendesha pikipiki, aliyetoka Uvira. Internet ya redio imekufa tangu mvua ya juzi.

Direkta Alphonse alicheza ndani ya bureau kama mutoto. Akasema: Rosette, wiki yote ni Mabati. Kila siku saa kumi unapiga nyimbo mbili tatu, kisha basikilizaji banapiga simu, baseme maoni yabo bila kuogopa.

Mabati ni rock ya kwetu. Jina ilitoka kwa majirani — balisema zile gitare zinapiga kelele kama mvua ya mawe ku mabati. Balianza bane: Lionel ku mikro, bengine babili na gitare, na Guy ku ngoma. Guy ni kaka yangu mukubwa. Alikuwa.

Leo banaishi Nairobi, banajulikana mpaka Ulaya. Hapa kwetu ukisema mubaya juu yabo unatafuta vita.

Nilibaki peke yangu studio, nikaanza kusikiliza yote kumi na moja. Ya saba inaitwa «Gileti».

Nikakata. Nikaanza tena. Nikakata.

Lionel anasema yote. Yote!

Jumanne, 16 Aprili

Niandike hapa, juu hakuna mutu naweza kuambia.

2015 Mabati balipanda boti ya mbao ku Uvira kwenda Kigoma, kurekodi. Katikati ya ziwa upepo ikaamka. Batu makumi mbili na tano, gileti sita za kuelea ku maji. Guy alikuwa na moja. Aliivua, akamuvalisha Lionel, juu Lionel hajui kuogelea na Guy anajua. Boti ikapinduka. Kuogelea haikusaidia kitu. Lionel aliniambia kwa simu, iko analia mpaka sikusikia maneno ya mwisho. Mwili haikuonekana.

Na mi nilimuambia mama nini?

Nilimuambia Guy alishikwa na malaria kule Kigoma. Alilala ku hopitali, kitanda safi, shuka nyeupe. Pasta alimuombea. Balimuzika muzuri. Na picha nilimuletea! Kaburi yenye musalaba mweupe. Nilipata ku telefone ya mutu. Ni kaburi ya nani sijui. Iko ku ukuta ya salon mpaka leo. Na Lionel na benzake nilibaomba baseme vile vile: malaria.

Nilifanya vile juu ya baba. Baba alikuwa muvuvi, ziwa ikamubeba wakati nilikuwa na miaka kumi na moja. Yeye pia hatukupata mwili. Miezi mbili mama alishinda kando ya maji. Kila pirogi ikikaribia anaingia mpaka magoti, anaangalia ndani. Hakuoga. Tulimulisha kwa mukono. Guy na mi tulimushika huku na huku, tunamurudisha nyumbani kila mangaribi. Sikuweza kuona ile tena, na safari hii ningemushika peke yangu. Nikasema nitamuambia ukweli matanga ikiisha. Kisha mwaka. Kisha miaka tisa.

Mama iko na redio yake ndogo ya batri. Emisio yangu hakosi hata siku moja.

Leo nilipiga ya kwanza mpaka ya tatu. Simu hazikupumua! Clarisse, mwenye restora karibu na soko: gitare zimekuwa laini kama uji ya mugonjwa. Darius, motari: miaka tisa kwa hii? Piano ndani ya Mabati — nani aliita piano? Nibizi, Murundi mumoja mukimbizi, analima upande wa Mulongwe, alisema pole pole: sauti ya Lionel imezeeka, na imezeeka muzuri. Nikacheka ku mikro. Ndiyo, nilicheka.

Jumatano, 17 Aprili

Ya ine, ya tano, ya sita. Kesho ni ya saba. Nilimuambia direkta fichier ya ile wimbo imeharibika. Akaniangalia tu.

Lakini mji yote iko nayo! Banapeana kwa bluetooth, ku soko, ku parking ya bamotari. Simu ya kwanza ni Clarisse: «Rosette, we unatuchezea. Piga ya saba. Ile ndiyo albamu, zingine ni matangazo tu.»

Kisha Nibizi. Anasema mistari ya ile wimbo anaimba akiwa na jembe: *nguo ya maji ni yako, pumuzi ni yako, mi natembea navyo.* Anasema na yeye alivuka maji, anajua mutu anavuka na deni ya namna gani.

Kisha Darius, kwa hasira: «Ile haiko wimbo, ile ni kesi! Mutu anavaa gileti ya mwenzake, mwenzake anakufa, yeye ananyamaza miaka tisa, kisha anatuuzia? Na mi najiuliza. Ule mwenzake ni nani? Mabati balikuwa na mupiga ngoma —»

Nilikata. Nikasema: laini imeanguka, pole kwa musikilizaji wetu. Nikamwaga maji ku meza.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama iko nakata majani ya sombe. Akauliza: «Ule kijana alitaka kusema nini ku mwisho?»

Reseau, mama. Reseau ilianguka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilitaka mama aende Kilembwe kwa shangazi, wiki moja tu. Nikasema shangazi anamuhitaji. Camion zote zimelala, matope imekula barabara. Nikafikiri Mboko, kwa binamu — ziwa imepanda, maji iko juu ya njia, hata pikipiki haipite. Boti? Mama hapandi boti. Huwezi kutaja boti kwa mama.

Basi tuko hapa. Yeye, mi, na ile redio.

Nilifikiri kuondoa batri zake. Nilizishika mukononi. Nikaona aibu, nikarudisha.

Ku emisio niliruka mpaka ya nane. Basikilizaji bakakasirika kweli. Mumama mumoja wa Nundu akauliza: bamekukataza? Ni serikali? Nikasema hapana. Akasema: basi ni nani? Nikakata laini, nikarudilia ya nane mbele ya batu bote — direkta aliinuka ku kiti.

Emisio ikaisha, direkta akafunga mulango. «Rosette, kuna kitu nakukosea?» Hapana, direkta. «Basi sikia habari nzuri. Nimepata Lionel. Jumatatu iko na sisi live kwa simu kutoka Nairobi. Na amesema shariti moja tu: tupige ya saba.»

Ijumaa, 19 Aprili

Lionel alinipigia yeye mwenyewe. Sauti yake! Mara ya kwanza tangu 2017.

Nilimutukana kabla ya salamu. Akaacha nimalize. Kisha akasema: «Rose, mi nilifikiri ulishamuambia. Uliniambia utamuambia matanga ikiisha.»

Nikasema ungeuliza.

«Niliogopa kuuliza. Ningeuliza ungekataa. Na mi siwezi tena. Kila fasi nafika banauliza mupiga ngoma wetu wa kwanza iko wapi, nasema malaria. Malaria! Guy alinifunga kamba ya ile gileti na mikono yake, alifunga fundo mbili. Akaniambia usipige kelele, kelele inamaliza pumuzi. Na mi naenda kusema malaria?»

Sikujua juu ya fundo mbili. Ku beti ya mwisho ya ile wimbo sijafika bado.

Nilimuambia toa ile wimbo ku albamu. Akasema albamu haitoki tena ndani ya masikio ya batu. Kweli. Nilimuambia Jumatatu usipige simu. Akasema atapiga. Akasema pia anataka kumuomba mama musamaha, na hapati njia ingine juu kila mara akiniandikia namuambia mama hana telefone.

Na ile pia ni bongo, uongo yangu mwenyewe. Mama iko na telefone tangu Noeli.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nilisema nitamuambia. Nilinunua samaki ya mikebuka, nilimupikia mwenyewe, na bugali ya muhogo vile anapenda. Tukakaa.

Nikasema: mama, kuna kitu juu ya Guy.

Akasema: «Ngoja.» Akasimama, akachukua kitambaa, akaanza kupanguza picha ya kaburi, pole pole, ku kioo na ku pembe. Akasema vumbi ya wiki hii ni mingi. Akarudi kukaa. «Sema.»

Nikasema: nilimuota.

Akafurahi! Akauliza alivaa nini, alikuwa munene ao mukonde. Nikabuni. Shati ya kijani. Munene kidogo. Mama alikula samaki yote akaniuliza nirudilie ndoto tangu mwanzo.

Mi ni mutu gani?

Jumapili, 21 Aprili

Kanisa. Bakijana ba koral banaimba sauti ya wimbo ya saba kule inje, bila maneno, banangojea ibada. Mama akasimama kusikiliza. Njiani yote alikuwa naiimba ndani ya pua. Mm-mm, mm. Anaipata muzuri kabisa. Mama Guy — vile mji yote inamuita mpaka leo — anatembea katikati ya soko anaimba ile. Bamama banatuangalia, kisha banainamisha macho. Clarisse alikuwa ku mulango ya restora. Hakunisalimia. Alimusalimia mama, akamushika mukono wakati murefu.

Banajua. Bote banajua. Mwenye hajui ni mumoja tu.

Mangaribi mama akasema anaenda kwa Clarisse kuchukua chumvi. Chumvi tuko nayo. Alibaki kule saa moja na nusu. Akarudi, akalala.

Jumatatu, 22 Aprili

Asubuhi hakuniamusha. Aliacha chai ku meza, ya moto, na kikombe moja. Yeye alikuwa inje anafagia. Nilisema mama, naenda kazi. Akasema: «Enda.»

Saa kumi na robo. Naandika hapa studio, nyuma ya karatasi ya programu, nitabandika kesho.

Lionel iko ku laini ya kwanza. Alisalimia Baraka, direkta akapiga makofi nyuma ya kioo. Nikamuuliza juu ya gitare na piano, kama mutu wa kazi. Darius akapiga, akamuuliza waziwazi: ule mwenye gileti ni nani? Lionel akasema: «Ngojeni wimbo. Kisha nitajibu.» Direkta ananionyesha vidole saba.

Laini ya pili ikaita. Nikashika, nje ya mikro.

«Rosette. Ni mi.»

Mama, niko hewani —

«Najua uko hewani, nakusikia ku redio. Clarisse alinipigia ile wimbo jana. Mara tatu. Nilimuambia rudilia, akarudilia.»

Nikasema mama, nisamehe. Nikasema mara nyingi, sijui ngapi.

Akasema: «Ya kwako tutaongea ku nyumba. Ya Lionel nataka kusema hapo. Na mi niko musikilizaji, sivyo? Piga wimbo.»

Nimepiga.

Inaimba sasa. Dakika tano na kitu. Lionel iko nangojea ku laini ya kwanza, hajui nani iko ku ya pili. Mama hakufunga simu. Nasikia redio yake ndani ya telefone yake, wimbo inakuja mara mbili, ya kwake inachelewa kidogo. Na nasikia anapumua.

Beti ya mwisho imeingia. Ile ya fundo mbili.

Mama ameuliza: «Nikisema, batasikia bote?»

Bote, mama. Mpaka Nundu. Na Lionel pia.

«Lionel iko hapo? Sasa hivi?»

Iko hapa.

Kisha akasema: «Basi ngoja nikae muzuri.»

Nasikia anavuta kiti ku sakafu ya simenti. Gitare ya mwisho imeanza. Direkta anahesabu na vidole, tano, ine —