Sauti ya Bibi Karakana Nzima

Mwenzangu, leo nimejianika peupe!

Ile tovuti niliyokuambia, ya historia ya Wamarekani weusi waliodai haki zao, ina sauti zao wenyewe wakisimulia. Nilikuwa nashona huku nasikiliza, vipokea sauti masikioni, nikijua nasikia peke yangu. Kumbe simu imejiunga na spika kubwa ya karakana!

Bibi wa watu anaeleza walivyogoma kupanda mabasi zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu weusi walikuwa wakikalishwa nyuma. Cherehani zikanyamaza moja moja.

Msimamizi akatoka mbio. "Nani kaleta siasa humu? Zima!"

Nikaikimbilia simu, aibu imenijaa. Ndipo yule mama mtu mzima anayeshona vifungo, tunayemwita Shangazi, akasema, "Usizime. Sisi mafundi nasi si tunalazimishwa kula kwenye ngazi za nyuma, na kantini ya makarani ina viti vitupu?"

Shangazi! Yule ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa!

Hasira zikanipanda. Nikamwambia msimamizi, "Simu ni yangu, na sizimi." Nikaongeza sauti. Umenisikia? Niliongeza sauti!

Saa ya chakula mafundi wote kumi na wanane tukaingia kantini, tukavuta viti, tukakaa. Makarani wametukodolea macho, vijiko vimewaganda mkononi.

Sasa hivi nimeletewa barua. Kesho saa mbili asubuhi nifike kwa meneja, peke yangu.

Nimewasomea wenzangu. Shangazi kauliza jambo moja tu, kama ofisi ya meneja itatutosha sote.