Zamu Yako ya Maji

Ibra, Oman,
14 Juni 2001

Mpendwa dada Shurooq,

Shikamoo. Natumai huko Uingereza u mzima, na kile kifua kilichokuwa kinakubana kwa baridi kimepoa. Sisi wazima, joto tu. Bibi Khole hajambo, miguu ndo inamsumbua, ila ulimi wake hauna maradhi.

Unanijua, mimi si mtu wa kuandika, na skuli niliiacha mapema, basi usiicheke hati yangu. Kwenye simu siwezi kusema, baba yuko pembeni. Yeye anakwambia kila kitu kizuri, anataka umalize hiyo masters yako ya mazingira moyo wako umetulia.

Ulivopiga mara ya mwisho ulisema umewaandikia walimu wako kuwa falaj yetu, huu mfereji wa mashambani, ni mfano, watu wa hapa wanagawana maji wenyewe kwa zamu tangu enzi za mababu, hawagombani. Baba akafurahi sana. Mimi nikatoka nje.

Dada, falaj imekauka. Wallahi tangu kabla ya Ramadhani halijapita hata tone.

Ami Soud ndo alianza. Mvua ilivokataa, mitende yake ikaanza kunyauka, akachimba kisima kule juu falaj inakoanzia, akatia pampu kubwa. Baba hakusema kitu, utamgombaje kaka yako? Majirani walivoona sisi kimya, na wao wakachimba. Sasa ni pampu tu zinalia kutwa, na kwenye mfereji watoto wanacheza mpira. Ile mitende ya mabsli, uliyokuwa ukipenda tukichemsha tende zake, imekufa yote.

Si mimi wa kukufundisha. Inaniuma tu, wasije wakasoma huko kuwa tunagawana, na huku hatuna cha kugawana. Na mwezi wa tisa unataka kumleta mwalimu wako. Atatazama nini?

Lakini Bibi ile zamu yake ya maji aliyokupa siku ulopata chuo haiachi. Kila ikifika ananituma nikafungue mlango wa mfereji. Vijana wananikalia njiani: "Ewe Wadhah, leo unamwagilia vumbi?" Naona haya, napita. Nikamwambia Bibi basi tuache, akanikata: "Zamu haingoji maji, mume wangu. Ukiiacha ipite, kesho watasema hujapata kuwa nayo."

Jana ilikuwa zamu yako. Nikatoa jiwe na matambara yanayoziba mlango, nikakaa mpaka kivuli cha kijiti kikafika kwenye alama ya kumaliza zamu. Baada yako ni zamu ya ami Soud. Mara nikamwona huyo, hajaja tangu atie pampu, kasimama na jembe lake. Akautazama mfereji weee, kisha akainama akatoa jiwe lake.

Nilivorudi, Bibi akauliza, "Umefungua?"

"Nimefungua."

"Na ulivomaliza umefunga?"

"Nimefunga, Bibi."

"Ehe. Usije ukala haki ya ami yako."

Bibi, mama na mdogo wetu Fawziya wanakusalimu sana. Baba pia, ila hajui kama nimekuandikia. Mungu akuhifadhi ugenini, na mvua ifike kwetu kabla yako.

Mdogo wako akupendaye, mshika zamu yako,
Wadhah