Kaspari wa Kwenye Kompyuta

Lipangalala, Jumatano usiku, 1997

Moyo bado unanidunda. Binti yangu Felista karudi kazini, hata shikamoo hajanipa, ananiambia, "Mama, leo Kaspari kafa! Kaliwa na jitu." Ungo wa mchele ukanitoka mikononi.

Kumbe ni mchezo wa kompyuta ya ofisini kwao. Anaongoza jeshi la askari wa kukodiwa, na kawapa majina yetu wote wa hapa nyumbani.

"Usilie, Mama. Kesho naanza upya, anafufuka."

"Mjinga wewe! Kaka yako askari wa kweli, tangu Pasaka hajaandika, nawe unalipeleka jina lake vitani?"

Akainama chini. Tukaokota mchele pamoja.

Huyo wa mchezo atafufuka kesho. Wewe, Kaspari mwanangu, tuletee neno upesi.