Korosho za Kamusi

Kitangari, Jumatano

Na kamusi yenyewe niliigawa mimi! Mchwa walikuwa wameitafuna pembeni, nikampa Mama Somoe wa njiapanda afungie korosho zake za kukaanga. Nikajiona mwema.

Jana darasani Somoe, bintiye, aliuliza neno "run" la Kiingereza lina maana ngapi. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu: tatu. Kukimbia, kuendesha, kutiririka. Basi.

Leo kanipa shikamoo, nikaitikia, halafu akaninyooshea karatasi inayong'aa mafuta ya korosho. "Run" tupu, mbele na nyuma! Pua inayotoka kamasi imo. Soksi inayofumuka imo. Hata mtu anayegombea udiwani yumo.

"Mwalimu, na hizi tuandike?"

"Andikeni," nikasema, nikageukia ubao kufuta ambapo hapakuwa na kitu.

Jioni nikaenda kuomba kurasa zilizobaki. Mama Somoe alicheka mpaka akajishika kiuno. "Zote zina korosho ndani, Mwalimu. Kula kwanza, ndipo usome."

Nimekula vifurushi saba. Tumbo linaunguruma. Linaloniuma zaidi ni kwamba huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha hizo maana tatu. Na yale maneno mengine yote niliyoyamalizia kwa "basi"...

Kesho tuna neno "set". Karatasi za vifurushi vyote saba ni za herufi B.

Nilipokuwa naondoka pale njiapanda, Somoe aliniita kwa adabu zote: "Mwalimu, kama unatafuta 'set', korosho zake nimeshakula mimi. Karatasi ninayo."