Jaketi Moja, Mama na Mtoto Mgongoni

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo.

Naandika huku mtoto ananyonya, mwandiko unisamehe. Naishi kijiji cha ujamaa huku Kibaha, shamba letu la mpunga liko ng'ambo ya Ruvu na tunavuka kwa mtumbwi, sasa juzi juzi mtumbwi mmoja ulipinduka, hakufa mtu, lakini mwenyekiti akaamuru kila anayevuka avae jaketi la kuokolea maisha, yakaletwa, ndani yana sufi kama ya mito yetu ya kulalia, mimi nikachagua kubwa kuliko yote nikisema humu tutaenea mimi na mwanangu Mwishehe, nikambeba mgongoni kwa khanga nikavaa jaketi juu yake, akalia kama anakabwa, nikavua, nikavaa jaketi kwanza ndipo nikambeba juu yake, mama mkwe akacheka, "Wee Mwanne, umembeba mtoto au umemtundika?" Mpiga kasia wetu Mwinjuma, ambaye lake amelikalia kama mto, akasema, "Shemeji, usihangaike, ukielea wewe naye anaelea." Je, ni kweli? Mume wangu Kibwana ananiambia jaketi ni jaketi, niache maswali, lakini mimi nataka kujua, tukitumbukia, hilo jaketi linafanya nini hasa, na linamshika nani? Nisipovuka nitaitwa kupe, mla jasho la wenzake. Nimechoka, ila kwa mwanangu sikubali kubahatisha.

Mwanne, Kibaha

*

Mwanne, marahaba.

Maswali usiache. Jaketi zuri humlaza mvaaji chali, uso juu, apumue hata akizirai. Sasa fikiri: ukilala chali majini, mgongo wako uko wapi? Wewe utaelea vizuri sana, na Mwishehe atakuwa chini yako. Ukilivaa juu yake ndiyo umemfungia kabisa.

Na hilo kubwa, mwanangu, nani alikudanganya? Si sare ya shule, useme utalikulia. Likipwaya, ukitumbukia linapanda masikioni nawe unachoropoka chini. Chukua linalokubana kidogo, funga kamba zote, kisha Kibwana alivute juu mabegani. Likifika kidevuni, rudisha. Halafu lijaribu pale watu wanapooga, maji ya kiunoni, mumeo akiwa kando na mtoto nyumbani kwa bibi yake. Mwinjuma naye aambiwe anyanyuke: sufi ikikaliwa hushindiliwa, haibebi tena mtu.

Nimekuonea huruma, lakini hapa sina maneno laini. Mtoto asikanyage mtumbwini mpaka apate jaketi lake mwenyewe, la uzito wake, na hata akilipata asifungwe mwilini mwako. Kwa sasa nenda na Kibwana kwa mwenyekiti, mwombe kazi ya upande wa kijijini, isiyotaka kuvuka. Mihogo ya kijiji nayo inataka palizi. Akikataa, muulize kwa adabu, "Mwenyekiti, mimi nikielea chali, mwanangu atapumulia wapi?" Kisha kaa hapo hapo mpaka akujibu.