Kiti cha Dirishani Ulichoniachia

Dada yangu Zaituni,

Salamu zikufikie huko Kisumu, ambako nasikia umenenepa na mchana unalala. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonikera. Nakuonea wivu, dada, na sitaki kuzunguka. Barua hii naipitisha kwa mkono wa mtu, si posta, kwa hiyo nitasema yote.

Unaikumbuka karakana yetu ya Kisenyi, cherehani kumi na mbili na lori la jeshi likingoja mashati nje? Kila Jumamosi msimamizi alitupanga upya: aliyeshona mengi zaidi alihamia dirishani, penye upepo, na wa mwisho alikaa karibu na pasi za makaa. Mwaka mzima dirisha lilikuwa lako. Mimi niliacha kunywa maji asubuhi ili nisipoteze muda wa kwenda chooni, na bado uliniacha kwa mashati mawili, matatu, tena ukiimba. Kuimba kwako ndiko kulikoniua.

Halafu ile Jumamosi msimamizi akaita jina lako kama kawaida, ukasimama ukajitanda leso.

"Patia mudogo yangu hiyo kiti, bwana ssebo. Mimi nachoka, naenda kulala."

"Mama nyabo, nguo ya jeshi hakuna kuchoka," alisema, akichungulia nje asije askari akasikia.

Ukatoka hivyo hivyo, mchana kweupe. Mwezi haukwisha ukawa umevuka mpaka. Wote nyumbani walikuogopea. Mimi peke yangu nilikasirika. Nilitaka kukunyang'anya kile kiti, wewe ukanigawia.

Nimekikalia miaka miwili sasa. Ni rahisi kuwasingizia wenye bunduki, maana mabaya mengi ni yao kweli. Lakini wao walitaka mashati tu. Hakuna askari aliyeniambia kwamba nikiwa wa pili mimi si mtu. Hilo nilijiambia mwenyewe, nikalitii kuliko amri yoyote. Wewe ulijuaje kwamba unabaki Zaituni hata usiposhona kitu? Hicho ndicho ninachokuhusudu, kuliko hata huo usingizi.

Jumatatu nilizirai, sindano ikapita kidoleni. Walipokuwa wakinifunga kitambaa niliuliza nani amekaa mahali pangu. Muuguzi ameniamuru nikae nyumbani wiki nzima, na kupumzika kwenyewe sikujui. Nafagia palipofagiliwa. Nafumua magauni yangu mazima nipate cha kushona.

Jana nilijilazimisha, nikalala mpaka adhuhuri. Nilipofumbua macho, wazo la kwanza lilikuwa kwamba leo nimekushinda. Nikafurahi, dada. Nikafurahi kabisa, kisha nikalia.

Niandikie. Usinipe mawaidha. Niambie tu ukiamka asubuhi, na hakuna anayekungoja, unajiambia nini.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja