Mwambie Baba Bado Sijawa Injinia

Glasgow, Uskochi
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi, Mama Kalunde,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale uliyoniachia mikononi pale stesheni ya Tabora. Habari za nyumbani Itetemia? Mama anaendeleaje na goti lake? Anaweza kutembea mpaka kanisani, au bado wazee wanakuja kusali naye nyumbani? Na binti yetu je, kile kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima wa mwili. Baridi imeanza kurudi, asubuhi naona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kama moshi wa jikoni, lakini nimeshaizoea.

Barua yako ya wakati wa mavuno ilinifikia mwezi wa sita, nikakujibu mistari michache tu kwamba ungoje. Najua haikukutosha. Uliniandikia kwamba baba yako alikuja nyumbani kwetu, akaketi uani, akakataa hata maji ya kunywa mpaka aseme lililomleta. Akasema, "Mtoto wa Msabila alijifunza kuendesha lori, mvua moja haikupita akarudi na kazi. Huyu mkwe wangu anajifunza nini kisichokwisha? Kama mwaka huu unaisha hajarudi, nitakuja kumchukua binti yangu na mjukuu wangu." Nawe ukaniuliza: "Nieleze kwa maneno ninayoweza kumpelekea baba. Kimebaki nini?"

Baba hakukosea kuuliza. Hata mimi ningekuwa na binti aliyeolewa, na mumewe amekwenda kabla mtoto hajazaliwa na mtoto sasa anakimbiza kuku, ningeuliza. Sikukueleza wakati ule kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Mwambie kwanza kwamba digrii ya uinjinia haipatikani kwa kukaa miaka, ingawa miaka lazima uikae. Elimu niliyoipata Uganda hawakuihesabu yote, kwa sababu kule sikufundishwa uchoraji. Hapa mtu asiyejua kuchora haendi mbele, basi nikaanzishwa darasa la chini pamoja na vijana waliotoka shule juzi. Mwaka ule wote ulikuwa wa hesabu na kuchora. Unachora kwa wino, mstari mwembamba kama unywele, na mkono ukitetemeka kidogo mwalimu anaikunja karatasi yako na kukupa nyingine. Mchoro wangu wa kwanza uliokubaliwa ulikuwa wa ngazi ya mawe. Nilitembea nao barabarani kama mtu aliyeshinda vita.

Baadaye tukaingia kwenye nguvu za vitu: boriti inapinda vipi ikibebeshwa mzigo, na itaanza kukuonya lini kabla haijavunjika. Kuna chumba kizima ambacho kazi yake ni kuvunja tu. Tunavunja mbao, chuma, zege, kisha tunaandika kilivunjikaje. Halafu wakatupeleka milimani kupima ardhi. Kule unapima bonde zima, unazunguka mpaka urudi pale pale ulipoanzia, na hesabu zako lazima zikutane na pale ulipoanzia. Zisipokutana, unarudi kwenye mvua. Huko nilifanya vizuri, maana kubeba mnyororo wa kupimia nilikuanza tangu likizo za shule, kwenye barabara ya magharibi. Mwaka wa tatu na wa nne ni udongo, mawe, madaraja na elimu ya maji, na mwishoni unapewa kazi moja kubwa uibuni mwenyewe kuanzia msingi mpaka juu.

Sasa hapa ndipo penye ugumu, na hili umweleze baba taratibu. Masomo haya hayafunikiani. Ukifaulu yote ukaanguka moja, hujafaulu. Na ukiyafaulu yote bila ubaguzi, bado: lazima ukae miezi ya kutosha kwenye kazi yenyewe, kwenye matope, chini ya injinia mwenye cheti kamili, naye aandike kwamba amekuona ukifanya. Hapo ndipo wanakupa digrii.

Mimi nilianguka somo la maji.

Usidhani ni barua yako iliyonivuruga. Ilinifikia mtihani ukiwa umekwisha. Nilianguka kwa sababu sikuelewa. Nilikuwa nimekariri kanuni kama mtoto anavyokariri katekisimu, na swali lilipogeuzwa kidogo nikabaki mtupu. Matokeo yalipobandikwa nilisoma majina yote, nikarudia kutoka chini kwenda juu, kana kwamba jina langu lingeona aibu likajitokeza.

Profesa wa idara yetu aliniita ofisini. Ni mzee mpole, anazungumza polepole kwa ajili yetu sisi wageni. Akaniambia, "Mihayo, una njia mbili. Ya kwanza, tunaweza kukupa cheti cha chini ya digrii sasa hivi. Kwa cheti hicho utapanda meli ya mwezi wa nane, na utapata kazi kwenu kama msaidizi wa barabara. Ya pili, urudie mtihani mwezi wa tisa. Ukifaulu, bado una miezi ya kazini."

Mama Kalunde, moyo wangu ulikwenda kwenye meli kabla hajamaliza. Nilikuona umesimama stesheni. Nilimwona baba yako akinyamaza. Nikamuuliza profesa kitu kimoja tu: "Nikichukua cheti hiki, nitaweza kubuni daraja na kutia sahihi yangu?"

Akavua miwani. "Hapana," akasema. "Utapima. Utasimamia vibarua. Mchoro unaweza kuuchora wewe, lakini atakayetia sahihi ni mwingine."

"Siku zote?"

"Siku zote, ukikaa na cheti hicho."

Nikaomba siku chache za kufikiri. Nyumbani ninapopanga nakaa na Kofi, kijana wa Pwani ya Dhahabu anayesomea mitambo ya meli. Nilipomwambia, akacheka, akasema, "Chukua! Nani huko Tabora atajua hiki ni cheti gani? Watakupigia ngoma tu." Alisema kwa nia njema, maana alikuwa ameniona nikiitazama picha yako. Usiku ule na mchana uliofuata nilikubaliana naye. Nilikwenda hata kwenye ofisi ya meli nikauliza safari.

Nikiwa pale kwenye foleni ndipo nikaanza kujiuliza nitakuambia nini. Nikaona nitakapofika mtaniita injinia, nami nitaitika. Baba yako atanipa mkono mbele ya watu. Halafu siku moja atakuja kwenye kazi, aone kijana wa Kizungu niliyemzidi umri akinifutia mstari kwenye mchoro wangu, nami nikisema ndiyo, bwana. Aibu peke yake ningeivumilia. Lakini mstari ule ungekuwa sahihi, na nisingekuwa na haki ya kuutetea. Nikatoka kwenye foleni kabla sijafika dirishani. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na hasira na watu wote, nawe ukiwemo, kwa kuwa ungenisamehe.

Nikamwambia profesa nitarudia.

Wenzangu wakaenda likizo. Nikabaki na vitabu vyangu katika nyumba ya mama mwenye nyumba. Nilishawahi kukuandikia habari zake: mjane mnene, mumewe alikuwa fundi wa kuunda meli, na yeye mwenyewe hajui hesabu zaidi ya za sokoni. Jioni moja alinikuta jikoni nimeshika kichwa. Akaweka chai, akachukua sufu yake ya kufuma, akasema, "Nieleze mimi."

Nikamwambia hataelewa.

"Basi nieleze mpaka nielewe," akasema. "Sina pa kwenda."

Nikaanza na kanuni. Akatikisa kichwa. Nikaanza tena kwa maneno mengine. "Sijaelewa, rudia." Ikawa hivyo kila jioni. Nikaacha vitabu, nikamweleza mvua za kwetu: jinsi mbuga, lile bonde la udongo mweusi, inavyokuwa kavu imepasuka, halafu maji yanakuja kutoka mbali ambako wewe hujaona hata wingu, jinsi ukiyabana katikati ya kuta mbili yanavyoongeza mwendo, na mwendo ule ndio unaochimba chini ya nguzo mpaka daraja linabaki limesimama juu ya hewa. Sindano zake zikasimama. Akasema, "Kumbe daraja haliangushwi na maji yanayolisukuma. Linaangushwa na yale yanayopita chini." Lilikuwa jambo nililolisoma mwaka mzima, na ndiyo kwanza nimelisema kwa mdomo wangu mtu akalielewa. Siku ile nilijua nimelielewa na mimi.

Mtihani nimeurudia, na wiki hii matokeo yametoka. Nimefaulu. Kofi alinibeba begani mbele ya wapita njia mpaka polisi akatutazama vibaya. Mama mwenye nyumba alinipa kipande cha nyama kikubwa kuliko cha Kofi.

Sasa ndiyo nafika kwenye jibu lako. Kilichobaki ni mwaka mmoja wa kazini. Nilidhani nitaufanya hapa Uskochi, kwenye bwawa wanalojenga milimani. Lakini kabla ya mtihani, nikiwa bado nasoma, nilimwuliza profesa kama kanuni inasema kazi iwe nchi gani. Akaisoma, akaisoma tena, akasema, "Haisemi. Inasema injinia awe na cheti kamili, na kazi iwe ya kweli." Akaandika barua serikalini kwetu. Jibu limekuja: wanajenga barabara mpya kufuata ile njia ya zamani ya wapagazi, kutoka Tabora kwenda magharibi, na injinia wa pale amekubali kunisimamia. Meli yangu inaondoka mwezi ujao. Nakuja nyumbani.

Lakini nakuja sijamaliza, na hilo ndilo ninalokuomba sana. Usimwambie baba kwamba nimepata digrii. Mwambie hivi: "Mume wangu amefaulu masomo yote, bado mwaka mmoja wa kazi, na bado si injinia." Akikasirika, akasirikie ukweli. Nitakapofika nitakwenda kwake mwenyewe kumwamkia, na akitaka kuninyima maji ya kunywa, na aninyime.

Kuna jambo jingine, nimelifikiria sana kama nikuandikie. Daraja la kwanza nitakalofanyia kazi ni la mbuga ile tuliyoshindwa kumvusha marehemu shangazi yako. Najua hujasahau. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Lori lilifika ukingoni tukakuta maji yametanda mpaka upeo wa macho, tukangoja, tukangoja, mpaka baba yako mwenyewe akasema hawezi kuendelea kumngojesha dada yake, tukamzika upande ule ule, mbali na watu wake. Sikuwahi kumwona mzee akilia kabla ya siku ile. Sasa nakuomba: usimpelekee habari hii kama hoja ya kumlainisha. Sitaki aseme ndiyo kwa sababu ya kaburi. Mpelekee kama habari tu, siku nyingine, baada ya hasira kupita, kwamba mahali pale panajengwa.

Na wewe. Kambi ni mbali, huwezi kwenda na kurudi. Nyumba za matofali ni za Wazungu, sisi tutakaa kwenye mahema kwanza, halafu tutajijengea vibanda vya nyasi. Mbu ni wengi. Shule haipo, lakini Kalunde bado hajafikia shule. Unaweza kubaki na mama hapo Itetemia, nami nitakuja kila ninaporuhusiwa. Unaweza kwenda kwa baba yako mwaka huo, sitakulaumu, wala sitaruhusu mtu wa kwetu akulaumu. Au unaweza kuja nami. Sikuamulii. Miaka hii yote niliamua mimi na ukabeba wewe, safari hii amua wewe.

Mtoto usimfundishe kuniita baba kwa kutazama picha. Mwache anione, anishangae, anikimbie akitaka. Nitangoja.

Mfikishie mama yangu shikamoo yangu, mwambie michembe ya viazi vikavu aliyonifungia ilimalizika zamani lakini mfuko wake bado naulalia. Baba yako na mama yako, shikamoo zao kwa heshima yote. Mdogo wangu Yohana namsalimu, na asiuze yule ng'ombe kabla sijafika. Msalimie mchungaji wetu, na yule mshonaji wa mtaa wa Chemchem aliyenishonea koti la safari. Mwambie limeshinda baridi ya huku bila kuachia uzi. Mama mwenye nyumba wangu anakusalimu pia. Ameuliza jina lako linavyotamkwa, na amelijaribu mpaka akaliweza.

Nitafika mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Kama utaamua kuja kambini, njoo na jembe lako na mbegu za karanga. Nimeuliza, wanasema udongo wa pale juu ya mbuga ni mwepesi, na kazi itapita msimu mzima wa kulima.

Ni mimi mumeo, niliye njiani,

Mihayo, Baba Kalunde